Chama cha kufa na kuzikana si chama cha mfukoni

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari yenu iliyoviita vikundi vya kusaidiana hapa Mwanza "vyama vya mfukoni", kwa sababu tu havina hati ya usajili, imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu hakumuuliza mwanachama hata mmoja kwa nini hati hiyo haipo.

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana huku Igogo. Wengi wetu ni wachuuzi wa dagaa na wapagazi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na sharti letu la kwanza ni kwamba mwanachama hanywi pombe, wala pombe hainywewi kwenye msiba tunaousimamia. Tuliliweka baada ya kuona rambirambi zikiishia kwenye gongo na wajane wakibaki na deni la jeneza.

Tulipoanza kutafuta usajili, ofisi ya kwanza ilituuliza sisi ni dhehebu gani. Ya pili ilitaka tujiandikishe kama kikundi cha kukopeshana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ilhali hatukopeshani hata shilingi. Ilikuwa baada ya kuzungushwa sana ndipo tukaambiwa kuwa shauri letu ni la Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, jibu ambalo ofisi ya kwanza ingeweza kulitoa. Katikati ya hangaiko hilo mwenyekiti wetu akafariki. Viti, maturubai na masufuria vilikuwa stoo kwake, na kiwanja tulichokichangia kiliandikwa jina lake, kwa kuwa chama kisicho na wadhamini waliosajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, hakiwezi kumiliki ardhi wala kushitaki kwa jina lake. Wanawe wakatia kufuli jipya mlangoni, wakasema vyote ni mirathi ya baba yao. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mkewe, mvua ilinyesha, waombolezaji wakajibanza chini ya mapaa ya majirani, sufuria tukaazima kwa mama lishe, nami nimeshika daftari la michango lenye sahihi ya marehemu mwenyekiti kila ukurasa, ambalo mtendaji alilifunika bila kulisoma akisema chama chetu hakitambuliki.

Mtaa huohuo baa mpya imepata leseni, na muziki wake unakesha karibu na shule ya msingi. Serikali iliyopiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017 haipaswi kuwasahau wanaowasaidia watu kuacha pombe.

Sheria ya Jumuiya tuliirithi kwa mkoloni, aliyeitunga mwaka 1954 na kuitumia kuizuia TANU katika Jimbo la Ziwa. Sisi tunaozikana hatumtishi mtu. Naomba ofisa wa Msajili wa kupokea maombi awe anakuja ofisi ya kata iliyo jirani na Mwaloni, hata siku moja kwa mwezi, asubuhi dagaa wakishauzwa, akiwa na mfano wa katiba kwa Kiswahili wenye kifungu cha wadhamini, na fomu za wadhamini zijazwe siku hiyohiyo. Nanyi chapisheni hatua za usajili huo ukurasa uleule mlikotuita vyama vya mfukoni.

Katibu wa chama cha kufa na kuzikana,
Igogo, Mwanza