Kaka, uliondoka kabla ya sehemu ya nne

Kaka, shikamoo.

Tangu urudi Tanga hupokei simu zangu, basi naandika hapa. Wanao watakusomea.

Pale New York, nilipokupeleka kutazama Symphony in C, ile baleti, dansi ya jukwaani, uliniuliza, "Hadithi yake nini?" na hukungoja jibu. Symphony in C haina hadithi, kaka. Ina muziki. Georges Bizet aliutunga mwaka 1855, mwanafunzi wa miaka 17 mjini Paris, akauweka. Akafa 1875 bila kuusikia ukipigwa. Ulipigwa mara ya kwanza 1935, huko Basel, Uswisi. Mwaka 1947 George Balanchine, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alialikwa Opera ya Paris, akautungia baleti kwa takriban wiki mbili. Mwaka uliofuata akaileta New York, akaachana na mavazi ya rangi rangi ya Paris, wanawake wakavaa nyeupe tupu.

Kila sehemu ya simfonia, yaani muziki huo wa okestra wenye sehemu nne, ina wachezaji wake wakuu na kundi lake. Mambo hayo unayajua kuliko mimi! Nani alitupanga uani, wafupi mbele, akapiga debe kama ngoma na kutufokea tukikosea mguu? Ndiyo maana tiketi nilikukatia wewe.

Nawe ukainuka sehemu ya pili. Obo, ile zumari ya okestra, inaimba, yule dada amesimama kwa ncha ya mguu mmoja, wa pili umepaa nyuma, anainama mpaka kichwa kinagusa goti, na wewe unapenya mbele za watu kutafuta mlango. Nikakufuata. Koridoni ukasema kwa sauti: "Hiki ndicho kilichokuzuia kumzika mama?"

Sijakusamehe. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, na ulijua. Ningetoka nisingerudi, ada ya wanao angelipa nani? Turubai, chakula cha msiba, hadi kujengea kaburi, hela nilituma mimi. Sikusimangi. Nakushauri tu, usimpime mtu kwa siku moja aliyokosekana. Mimi kila mwisho wa mwezi nipo.

Na sehemu ya nne hukuiona, kaka yangu. Wanarudi wote, wa sehemu zote nne, zaidi ya 50 jukwaani, mpigo mmoja, mistari imenyooka kama ulivyokuwa ukiitaka wewe. Ungepiga mbinja mpaka watu wageuke.

Wakiirudisha nitakukatia tena, na nauli nitatuma. Lakini kwanza pokea simu, uniambie: neno lile lilikutoka kwa uchungu, au ndivyo mnavyonisema huko nyumbani?