Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, Bagamoyo: saa na siku za igizo la watoto

Ndugu Afisa,

Salaam. Tunakuandikia kuhusu igizo jipya la muziki ambalo watoto wa hapa mjini watalionyesha katika ukumbi wa jamii. Ni igizo la upelelezi: zumari limetoweka siku ya harusi na washukiwa ni watano. Tunaomba lianze saa 10:30 jioni badala ya saa 2 usiku, na watoto wapewe ukumbi siku nne mfululizo kabla ya onyesho, si jioni moja.

Igizo la namna hii halisamehe. Mtoto akimeza mstari wenye dokezo, watazamaji watafika mwisho bila kuelewa kwa nini mwizi ni yule. Dokezo likiwa ndani ya wimbo ni balaa zaidi, maana ngoma hufunika sauti ya mtoto wa miaka tisa. Dawa ni ngoma zinyamaze kwenye mstari huo, kibaki chombo kimoja, na mstari uimbwe mara mbili, mara ya pili mtoto akiwaelekea watu. Kuongeza sauti ya spika hakusaidii: kuta za saruji huyarudisha maneno yakiwa yamevurugika, na maiki ikiwa mbele ya spika hupiga mluzi. Maiki tatu za kusimama ukingoni mwa jukwaa, spika zikiwa mbele yake, zinatosha. Ila mahali pake hapapatikani darasani. Sharti zijaribiwe ukumbini penyewe. (Mvua ikipiga bati, hata maiki kumi ni kazi bure, kwa hiyo tuepuke masika.)

Siku ya kwanza ni ya njia za kuingia na kutoka, ya pili muziki na maiki, ya tatu maleba na vifaa, ya nne igizo zima bila kusimama. Vifaa ndivyo huangusha wengi. Kila kifaa kichorewe umbo lake kwenye karatasi iliyotandikwa mezani nyuma ya jukwaa. Pakiwa patupu, msimamizi ataona kabla mtoto hajatoka mikono mitupu. Zumari ziwe mbili zinazofanana, kwa kuwa moja hutoweka kulia na nyingine huibuka kushoto muda mfupi baadaye.

Tunajua wapo wanaosema fumbo linataka giza. Taa zikizimwa ghafla watoto kumi hujikwaa. Watoto wawili wakikunjua kanga mbele ya zumari wakati wa kiitikio, kisha wakazishusha, zumari limekwenda. Hilo linawezekana mchana kweupe, hata umeme ukikatika. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Watoto hawa hawalipwi, lakini kwetu mpaka huo ni mzuri kuufuata.

Saa 10:30 watu wameshaswali Alasiri. Igizo ni la dakika 50, hivyo wote watakuwa wametoka kabla ya Magharibi. Likiwekwa Jumamosi, wazazi wengi watafika.

Kama ukumbi una shughuli nyingine wiki hiyo, tutaridhika na asubuhi nne, mradi siku ya maiki isiondolewe.

Wako,
Walimu na wasimamizi wa kikundi cha watoto