Barua kwa mwanangu: kabla hujashika brashi

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Babako yumo mbioni kumaliza mlango wa mteja wa Malindi, nyanyako goti linamsumbua lakini maneno yake yako pale pale, na nduguyo siku hizi kila Jumamosi huvuka kisiwa kwenda kijiji cha Matondoni kwa mjombako kujifunza kuunda mashua. Wote wanakusalimu.

Ujumbe wako niliusoma kwa sauti baada ya isha, tumekaa dakani. Unasema wewe na wenzako wa darasa la uchoraji mnataka kuja likizoni mchore ukuta mkubwa huku pwani, kuhusu vilima vya mchanga vya Shela na watu wanaozidi kujenga juu yake, na unaomba radhi zetu. Radhi unazo, zangu na za babako. Ila nina mengi ya kukwambia ambayo hayaenei kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na mchanga wenyewe. Mgeni akivitazama vilima vile huona mahali pa kupiga picha jua likitua. Sisi huvinywa. Mvua ya masika inyeshapo haitiririki kwenda baharini, hunywewa na mchanga, ikachujika taratibu ikishuka, na huko chini ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Ni utando tu wa maji matamu, nao ndio unaolisha visima vya mji huu. Ukivuta maji kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini. Ukiondoa mchanga au ukiuziba kwa saruji, mvua haina pa kuingilia. Ukichimba choo juu yake, kinachoshuka utakikuta kisimani. Kisima kikishaingia chumvi huwezi kukirudisha kwa kukiombea tu, unasubiri miaka na miaka ya mvua, na huenda kisirudi kabisa.

Haya nataka uyajue mpaka uweze kumweleza nyanyako bila kutazama karatasi. Nenda maktaba hapo Nairobi, tafuta ramani, tafuta walichoandika wataalamu wa maji kuhusu Shela. Ukija, nitakupeleka kwa wazee wanaojua kila kisima kwa jina, na kipi kimebadilika ladha tangu lini. Kaa nao. Usiwe na haraka ya kutoa daftari, wanyweshe kahawa kwanza.

Nasema hivi kwa sababu ya yale ya makaa ya mawe. Ulikuwa bado mdogo, unakumbuka maandamano na fulana tu. Walitaka kujenga kiwanda cha umeme wa megawati 1,050 pale Kwasasi, upande wa bara, na Septemba 2016 kampuni ikapewa leseni ya mazingira. Ripoti ilikuwa nene, ya Kiingereza kitupu. Nani hapa mtaani angeisoma? Mwalimu mmoja, jirani yetu, akawa anakuja jioni kutusomea akitafsiri, sisi wanawake tumekaa mkekani tunashona kofia. Kazi ya kofia unaijua: kitambaa cheupe tabaka mbili, unatoboa kitundu, unakizungushia uzi mpaka kinakaza, unahamia kingine. Mikono ina shughuli yake, masikio yako huru. Akifika pagumu sindano zote zinasimama. Alipotusomea kwamba maji ya kupozea mitambo yatavutwa baharini kisha yarudishwe yakiwa ya moto, mke wa mvuvi mmoja akauliza, moto kiasi gani? Na kamba wanaokulia kwenye mikoko watahamia wapi? Mwingine akauliza jivu litalazwa wapi, na masika ikija litateremkia wapi. Mwalimu akageuza kurasa mbele na nyuma. Maswali yale tukayaandika kwenye daftari, moja moja, na yakaenda mikutanoni.

Muungano wa Save Lamu na wenzao walipokwenda mbele ya jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira, hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Likasema mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, kabla utafiti wenyewe haujafanywa, na baada ya utafiti watu hawakurudiwa wakaelezwa kilichopatikana. Likasema pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wa hapa, kama 4,600 hivi, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya, na ikasema wazi kwamba haki yao ya utamaduni nayo ilivunjwa. Ami yako alipoelezwa hilo la utamaduni alinyamaza kitambo, kisha akasema, basi nao wameona kwamba kuvua si kutafuta samaki tu.

Watu hupenda kusema kelele ndizo zilizoshinda. Mimi nilikuwapo. Kelele zilisaidia, na mashairi yalisaidia sana, maana mji huu ukiambiwa jambo kwa shairi hulibeba mpaka jikoni. Lakini bila ya wale waliosoma, wakauliza, wakatunza tarehe ya kila mkutano na nani alihudhuria, mawakili wangesimama na nini? Katiba yetu ya 2010 inatupa haki ya mazingira safi na yenye afya, ibara ya 42, na haki ya kupata habari, ibara ya 35. Hizo mbili zikariri kabisa, utazihitaji kabla ya rangi.

Na kuna jambo la pili, hili la nyumbani. Mjombako alikitaka kile kiwanda. Anajua kuchomelea vyuma, alikuwa hana kazi, ana watoto, na aliahidiwa. Miaka yote ile tulikula sinia moja Ijumaa, yeye akiamini vyake na mimi vyangu. Kulikuwa na siku nyanyako alikataza neno makaa lisitajwe mpaka mikono ioshwe. Wapo waliomwita msaliti barabarani, na hilo mpaka leo linaniuma, maana mtu anayetaka kulisha wanawe si adui wa mji. Leo ndiye anayemfundisha nduguyo kupiga kalafati.

Huku Shela ni vivyo hivyo. Wanaoponda kokoto na kupandisha kuta kule juu ni vijana wetu, wana wa jirani zetu, na punda wanaobeba saruji ni wa watu tunaoswali nao. Wako pia wenye viwanja waliouziwa na watu wa ukoo. Kwa hiyo nakuomba, katika hiyo picha yenu usichore mtu wa kuchukiwa. Najua inavutia, tajiri mwenye tumbo na mnyororo wa dhahabu. Mtu akishajiona amechekwa ukutani, au akamwona nduguye, hatasikia tena habari ya maji. Chora maji. Chora yanavyoshuka mchangani, yanavyokaa juu ya chumvi, ndoo inavyopanda. Fundi mwashi apite, asimame, aulize, “Kwani ndivyo ilivyo huku chini?” Hapo mtakuwa mmeanza naye, na ukimweleza kwamba ziko sehemu za kisiwa zinazojengeka bila kugusa vilima, atakusikiliza.

Sasa ukuta. Babako ameguna nilipousoma huo mstari, na akiguna ana sababu. Kuta za mji wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka, ndiyo maana nyumba zimesimama karne na karne. Ukizipaka rangi ya mafuta, unyevu unafungiwa ndani, chokaa inafura na kubanduka, na baada ya masika chache mchoro na ukuta vyote vinaanguka. Tena mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huchori ukuta bila ruhusa ya watu wa makumbusho, na wana haki ya kukataa. Itakuwa aibu mtu anayetetea kisiwa aanze kwa kukiharibu.

Rai ya babako, nami naiunga mkono, ni mchore kwenye tanga. Mjombako ana tanga kuukuu la mashua, pamba nzito, limetoboka upande mmoja tu. Linachukua rangi vizuri likipigwa rangi nyeupe ya chini kwanza. Likiwa tayari mnalitundika Mkunguni mbele ya ngome siku ya soko, kesho yake Shela, kesho kutwa Matondoni. Ukuta hungoja watu waje, na wanaokaa mbali na pwani, wanawake hasa, hawaji. Babako amejitolea kuchonga boriti mbili za kulishikia, na anasema ataweka nakshi kwenye ncha, hilo asiulizwe.

Kwa hiyo ukija, njoo na brashi pana na rangi za buluu, maana huku buluu ni ghali na ya kopo dogo. Waambie wenzako wavae nguo za heshima na waje tayari kulala kwenye dari, tuna magodoro ya kutosha. Mimi nitazungumza na wazee wa Shela wiki ijayo na kuandika barua kwa ofisi ya kaunti kuuliza ni viwanja vingapi vimeidhinishwa juu ya vilima. Wakijibu, nitakupigia picha jibu nikutumie. Wasipojibu ndani ya siku 21 nitaandika tena, na nakala ya barua ya kwanza nitaiambatisha.

Nyanyako anauliza kama unakula. Nijibu hilo kwa simu leo leo.

Wasalaam,
Mamako