Kabla ya kununua mota yenye kasi, tuhesabu kwanza meno ya gia

Wiki hii tumeletewa mota tatu za magari madogo ya rimoti zilizoungua, na zote tatu zilikuwa nzima mpaka siku zilipobadilishiwa gia. Mojawapo ni ya kijana aliyedunduliza fedha kwa miezi apate mota isiyotumia kaboni, yaani isiyo na vipande vya kaboni vya kupitishia umeme ndani yake. Aliliendesha gari kwenye uwanja wa nyasi dakika nne tu. Alipoifikisha hapa Dar es Salaam karakanani kwetu, waya wa ndani ulikuwa mweusi na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba kizima. Akauliza kama tunayo yenye nguvu zaidi. Nilimpa kiti, tukaanza kuhesabu meno. Haya ndiyo tuliyoongea.

Mota ya umeme haili umeme kwa kipimo kimoja muda wote. Inapozunguka, nayo huzalisha umeme wake unaopingana na ule wa betri. Ikichanganya kasi, upinzani huo ni mkubwa na kinachopita kwenye waya ni kidogo. Ikilemewa ikazunguka polepole, upinzani unapungua na betri inamimina umeme bila breki. Halafu joto halipandi hatua kwa hatua na umeme: umeme ukiongezeka mara mbili, joto la kwenye waya linaongezeka mara nne. Kwa hiyo adui mkubwa wa mota yako ni mzigo. Aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli akiwa kwenye gia nzito anaijua hali hiyo kwenye mapaja yake.

Gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota ni pinioni. Ukiiongezea meno, gari linapata mwendo wa juu na mota inabeba mzigo zaidi. Kwenye gia kubwa inayopokea ni kinyume: meno yakiongezeka, mota inapumua. Tuchukue TT-02 ya Tamiya, kampuni ya Kijapani inayotengeneza magari haya; ni chasi ambayo watu wengi huanzia. Inatoka kiwandani na gia kubwa ya meno 70, pinioni ya meno 22, na uwiano wa gia nyingine za ndani ya chasi wa 2.6. Gawanya 70 kwa 22, zidisha kwa 2.6, unapata 8.27. Maana yake mota inazunguka mara 8.27 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya meno 19 unapata 9.58, yaani mzigo umepungua. Namba hii ndiyo ya kwanza tunayoandika kwenye karatasi ya kila gari linaloingia, na ningependa kila mwenye gari aijue ya kwake kwa kichwa.

Sasa mota yenyewe. Zile za kaboni na zile za mashindano hutajwa kwa idadi ya mizunguko ya waya, yaani mara ngapi waya umezungushwa ndani yake. Mizunguko michache ya waya ina maana ya kasi kubwa na ulaji mkubwa wa umeme. Mota ya fedha inayokuja na magari mengi ya Tamiya ni ya mizunguko 27, tulivu na vumilivu. Zisizo na kaboni mara nyingi huandikwa kV, ambayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya kV 3300 kwenye betri ya lipo (litiamu polima) ya seli mbili, volti 7.4, ni mizunguko 24,420 kwa dakika. Ipitishe kwenye 8.27 na tairi la milimita 63, inakuja kama kilomita 35 kwa saa kwenye karatasi. Barabarani itakuwa chini ya hapo. Ukihamia seli tatu, volti 11.1, mizunguko inaongezeka kwa nusu nzima. Gia iliyokuwa sahihi jana leo inakuwa kosa, na wengi wanaweka betri mpya bila kugusa pinioni.

Tairi nalo ni gia. Kijana wetu alikuwa amefunga matairi makubwa ya nyasi, na kila tairi linalokua kipenyo linafanya kazi ileile ya kuongeza meno kwenye pinioni. Nyasi ndefu zikaongeza mzigo juu ya mzigo. Mota haikuwa mbovu hata kidogo.

Kwenye mashindano makubwa, kama yanayofuata kanuni za ROAR, chama cha mbio za magari ya rimoti cha Marekani, kuna madaraja yanayofungwa kwa mizunguko ya waya. Daraja la 17.5 ni maarufu. Kontrola ya mwendo, kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota, huwekwa isiongeze taimingi yoyote, yaani isiwahishe umeme kwenye waya wa mota, na taa yake huwakawaka ili mkaguzi aone. Hapo wote wana mota zinazofanana na ushindi unatafutwa kwenye gia, uzito na mkono wa dereva. Mimi napenda sana utaratibu huo, na marafiki wanaotaka kushindana wao kwa wao huwa nawashauri wakubaliane mota moja kabla ya kingine chochote.

Mafundi wa magari ya petroli wanajua kuweka taimingi, na mota za mashindano zina ya kwao. Kifuniko cha nyuma kina alama za digrii. Unalegeza skrubu na kukizungusha. Ukiongeza taimingi, kasi ya juu inapanda, lakini mota inakula umeme zaidi, inachemka zaidi, na nguvu ya kuondokea inapungua. Tunaongeza kidogo kidogo, na mara nyingi tukiongeza taimingi tunapunguza jino moja kwenye pinioni. Atakayeongeza vyote viwili kwa pamoja tutaonana naye tena mapema.

Mwamuzi wa yote ni kipimajoto, kile cha umbo la bastola kinachopima bila kugusa. Vile vya kupimia homa vilivyosambaa wakati wa korona havifai, kwa sababu vimetengenezwa kusoma joto la mwili tu. Endesha dakika tatu, simamisha, pima kwenye kifuniko cha mota. Sisi tukiona nyuzijoto 70 tunarudi kwenye gia. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zinapopita 80 hivi, na zikipoa nguvu yote hairudi. Ndani ya mota kuna joto zaidi ya unaloliona kwenye ganda. Kumbuka pia kwamba mipangilio mingi unayoisoma imeandikwa na watu wanaokimbiza kwenye zulia ndani ya kumbi za Ulaya. Hapa Januari na Februari, hewa yenyewe ina nyuzijoto 32 kabla hujagusa rimoti.

Kuna dalili moja inayowapotosha watu. Mota iliyopoteza sumaku inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi ukiijaribu ikiwa mkononi, mwenyewe akafurahi. Ikifungwa kwenye gari haina nguvu na inachemka upesi kuliko zamani. Hiyo inahitaji rota mpya, ile sehemu ya ndani yenye sumaku inayozunguka, na kama rota yake haipatikani tutakuambia ununue mota nyingine. Waya zilizoungua kwenye mota ndogo namna hii hatuzisuki upya. Kazi hiyo haidumu na hatutaki kuchukua fedha yako kwa ajili yake.

Jambo la mwisho ni nyaya tatu nene zinazounganisha kontrola na mota isiyotumia kaboni. Kwenye mota isiyo na sensa, kile kinachoiambia kontrola rota imefika wapi, ikizunguka kinyume unabadilishana nyaya zozote mbili. Yenye kebo ya sensa usiiguse hivyo: A iende A, B iende B, C iende C. Ukitaka igeuke, geuza kwenye mipangilio ya kontrola.

Ukitaka tukupimie gari, njoo nalo na betri iliyojaa, rimoti, na matairi yaleyale unayoendeshea, pamoja na pinioni zote ulizonazo hata zilizotumika. Njoo asubuhi, kwa sababu kila tukibadilisha jino moja tunaisubiri mota ipoe kabisa kabla ya kupima tena, na kwa gari moja hilo huchukua saa mbili.