Ile faneli kubwa iweke kando

Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, dada. Huku sote wazima, ila joto linatuonea. Barua yako nimeipata. Unauliza kama ununue faiba za SPME, zile nyuzi zinazonasa kemikali bila kiyeyusho, kwa ajili ya kupima viuatilifu kwenye yale maji ya mifereji ya mpunga. Ngoja kwanza.

Faiba zenyewe sizikatai. Tangu Arthur na Pawliszyn wazitangaze mwaka 1990 huko Waterloo, Kanada, zimewafaa wengi, hasa kwa vitu vinavyopaa kirahisi: unaining'iniza juu ya sampuli, inanasa mvuke, unaiingiza moja kwa moja kwenye GC, ile mashine inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke, bila tone la kiyeyusho. Lakini ule ni uzi mwembamba wa kioo. Kwenye tope lako utachafuka, na mkono ukiteleza umevunjika. Bei yake unaijua.

Anza na mbinu ya Rezaee na wenzake wa Iran, ya mwaka 2006. Walichukua mililita 5 za maji, wakapiga humo kwa sindano mililita 1 ya asetoni yenye mikrolita 8 za tetrakloroethilini, kiyeyusho kizito kuliko maji. Papo hapo maji yanakuwa meupe kama tui. Ukizungusha kwenye sentrifuji, chini ya tyubu kinatuama kitone kisichozidi mikrolita chache; viuatilifu vinakuwa vimehamia humo, na hicho ndicho unachopima. Sisi, kwa ile faneli kubwa ya kutenganishia, tunamwaga kiyeyusho cha dikloromethani chupa kwa chupa, halafu mvuke wake tunauvuta kutwa!

Ila tetrakloroethilini nayo ni ya ukoo uleule wa klorini, kwa hiyo wakisema ni rafiki wa mazingira mimi natilia shaka. Afadhali dodekanoli, alkoholi nyepesi kuliko maji. Inaelea juu; ukitumbukiza tyubu kwenye barafu inaganda, unaiokota kwa kijiko kidogo, inayeyuka tena, unapima. Barafu usiikose, maana inaganda kwenye nyuzi 24 hivi, na kwa joto la huku utaisubiri hadi kesho. Ipeleke kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa kwenye kimiminika; kwenye GC kilele chake kikubwa kinawafunika majirani.

Maji yachuje, lakini chujio usilitupe: viuatilifu vingine hung'ang'ania tope, vitafutie hukohuko. Na kalibresheni, yaani sampuli za kulinganishia zenye kiasi unachokijua, itengeneze kwa maji ya mfereji usiopuliziwa dawa, si kwa maji safi ya maabara. Chumvi na uozo wa majani hubadilisha kiasi kinachohamia kwenye kitone, na hapo ndipo majibu mengi yanapopotoka.

Nitakutumia vipimo vyangu vya asetoni wiki ijayo. Shemeji na watoto nisalimie.

Wako,
Rehema