Risala ya Kikundi cha Wahudumu wa Afya wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, ndugu waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Kikundi hiki kilianza na kazi moja tu, kupima kifua kikuu gerezani. Tuliingia na vikopo vya makohozi tukidhani tunafuata ugonjwa, tukakuta msongamano.

Mheshimiwa, seli ikijaa watu hulala ubavu. Akigeuka mmoja, sharti wageuke wote. Dirisha ni dogo na liko juu. Akikohoa wa pembeni, hewa yake ndiyo ya wote hadi alfajiri. Si ajabu kwamba duniani kifua kikuu huwapata wafungwa takribani mara 10 kuliko walio uraiani. Na ukuta hauzuii kitu, kwani askari hurudi nyumbani jioni, na mahabusu huachiwa.

Watu zaidi ya milioni 11 wako magerezani duniani, na karibu theluthi moja kesi zao hazijaamuliwa. Wengine, tusiumeume maneno, dhamana iko wazi ila hawana mdhamini. Tulimkuta kijana wa namna hiyo. Mama yake hakuwa na habari. Simu moja ilitosha kumtoa. Lakini alikwisha kuanza kukohoa.

Tangu siku hiyo, pamoja na vikopo tunabeba daftari la namba za ndugu. Tunatafuta wadhamini, na wasaidizi wa kisheria huwaelekeza wenye makosa madogo namna ya kuomba adhabu ya huduma kwa jamii. Wapo wanaotulaumu kwamba tunatetea wezi. Mwizi na aadhibiwe, ila hakuna hakimu aliyemhukumu kuugua kifua kikuu.

Kinachotuumiza zaidi ni mgonjwa anayeachiwa ghafla. Dozi ni ya miezi 6. Yeye anatoka mwezi wa pili, saa nane mchana, moja kwa moja kutoka mahakamani. Dawa zimebaki zahanati ya gereza, barua ya rufaa hana. Tunampoteza, na vijidudu vinajenga usugu.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe sawa na raia mwingine na matibabu yake yasikatike. Kwa hiyo tunaomba mawili: anayetoka akabidhiwe dawa na barua mkononi, na msaidizi wa kisheria apewe meza mahakamani. Kiti tutaleta wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.