Ziada si ugunduzi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu maada nyeusi, maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvuto wake tu, imedai kwamba mionzi ya gamma (mwanga wenye nishati kubwa mno) ya kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, imethibitisha kuwapo kwake. Haijathibitisha. Ziada ya mionzi hiyo ipo kweli, imo katika data za darubini ya anga ya Fermi iliyorushwa Juni 2008, na kilele chake kiko kati ya 1 na 3 GeV (GeV ni kipimo cha nishati, na pia cha uzito wa chembe). Chembe nzito za maada nyeusi zinazoangamizana zingeweza kuitoa. Lakini hata pulsa, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinazojizungusha mamia ya mara kwa sekunde hung'aa zaidi karibu na nishati hizo hizo, na kule kitovuni huenda zimesongamana, kila moja hafifu mno kuonekana peke yake.

Tena ziada yenyewe ni mabaki. Unachukua mionzi yote, unaondoa ile inayotoka pale miale ya kosmiki (chembe ziendazo kasi angani) inapogonga gesi, kisha unatazama kilichosalia. Ramani ya gesi ikikosewa kidogo tu, mabaki nayo hubadili sura.

Pa kupima kwa usafi ni galaksi vibete, yaani galaksi ndogo sana, kama Draco na Segue 1: gesi karibu hakuna, maada nyeusi tele. Hata huko kuna mtego. Chembe mbili lazima zikutane, kwa hiyo nguvu ya mionzi hufuata msongamano kwa kipeo cha pili, na msongamano hukadiriwa kwa kasi za nyota, ambazo Segue 1 inazo chache zinazopimika. Nyota pacha (zinazozungukana) chache zikihesabiwa kama nyota za kawaida, tofauti za kasi huvimba, na mionzi inayotarajiwa huvimba zaidi. Mwaka 2015 timu ya Fermi ilijumlisha vibete 15, data za miaka sita, ikaambulia patupu. (Patupu hiyo ina thamani: iliweka kikomo cha jinsi chembe nyepesi kuliko takriban 100 GeV zinavyoweza kuangamizana.)

Wasomaji wakumbushwe pia mstari wa 130 GeV, yaani mionzi iliyoonekana kurundikana kwenye nishati hiyo moja, ulioshangiliwa mwaka 2012 kama dalili ya maada nyeusi. Dalili kama hiyo ilijitokeza hata kwenye ukingo wa angahewa ya Dunia, ambako maada nyeusi haihusiki kabisa; data zilipochakatwa upya na kuongezeka, ukafifia.

Tunaomba marekebisho yachapishwe ukurasa ule ule, na kichwa cha habari kiseme "ziada" badala ya "ugunduzi".

Wasomaji wenu